Cherehani Iliyogoma Wiki ya Mazishi

Jumatatu, 4 Agosti

Ukungu tangu asubuhi. Ruring'u yote imefunikwa, hata uwanja wa michezo hauonekani kutoka mlangoni pangu. Baridi ya kuuma masikio. Wateja wangu: hakuna. Wateja wa Subira, fundi wa ng'ambo ya barabara: wamejaa mpaka nje. Sikuwa naangalia. Niliona tu.

Habari ya huzuni. Mama Wamucii amefariki. Mke wa Mzee Ndungu, wale wenye shamba kwenye njia ya Kiganjo. Aliugua, akapona, akaugua tena. Mwanamke mpole sana. Alinisalimia kila alipopita hapa akienda kushonewa kwa Subira. Kwa Subira kila mara! Lakini marehemu hasemwi.

Kabla ya saa ya chai Mzee Ndungu mwenyewe akatokea kwenye ukungu, kofia mkononi, kifurushi kwapani. Alikuwa anaelekea kwa Subira. Sijui miguu yangu ilipewa amri na nani. Nilijikuta katikati ya barabara nimemshika mkono, nikimpa pole. Pole ya kweli. Halafu nikamuuliza amebeba nini.

Kitambaa. Buluu iliyokolea, maua madogo meupe. Marehemu alikinunua akakiweka sandukuni, hakukishona. Mzee anataka azikwe amekivaa. Kifurushi kilikuwa pia na rinda lake la zamani, la kuchukulia vipimo.

Nikamwambia kwa masikitiko kwamba Subira hana nafasi. Ana harusi nyingi. (Sijui harusi hata moja.) Nikaongeza kwamba cherehani yake ni ya stima, na nguo ya mwisho ya mtu haifai kukimbizwa na stima. Inafaa kushonwa polepole, kwa miguu ya binadamu. Mzee akakitazama kifurushi. Akasema ni kweli, mama hakupenda haraka. Akanipa kifurushi kwa mikono miwili.

Mazishi ni Jumamosi. Binti yao, Sophie, atakuja Ijumaa mchana kuchukua nguo aipeleke mochari.

Fikiria! Kanisa zima litapita mbele ya jeneza likitazama kazi yangu. Kuanzia hapa mpaka Kiganjo watauliza ni nani aliyeshona. Nasikitika kwa kifo. Lakini fundi pia lazima aishi.

Murugi, mke wangu, alisikiliza habari yote akimenya viazi. Akauliza swali moja tu: hiyo cherehani inashona? Nikasema inashona. Akasema anauliza kwa sababu tangu niifungue wakati wa Pasaka kuisafisha, amekuwa akiniona nikishona mapindo ya wateja kwa mkono, nimegeukia ukuta. Si kila swali ni la kujibiwa.


Jumanne, 5 Agosti

Nilikata kitambaa asubuhi. Kukata najua. Hilo hata Subira hawezi kulikana. Nilikitandaza mezani, nikakipangusa kwa kiganja, nikaweka vipimo vya rinda la zamani, mkasi ukapita kama maji. Kimetosha nguo moja tu. Kilichobaki ni vipande vya kufutia miwani.

Halafu nikaketi kwenye cherehani. Nikakanyaga. Ikalia vizuri. Juu, mshono kama wa dukani! Nikageuza kitambaa. Chini, kiota cha ndege. Uzi umejisokota, umejifunga, umejaa vinundu. Nikaufumua kwa wembe, polepole, jasho likinitoka na baridi hii yote.

Nikajaribu tena. Ta! Sindano ikakatika, kipande kikapita karibu na jicho. Nikaweka nyingine. Hiyo haikukatika, lakini ikaanza kuruka: mshono, pengo, mshono, pengo. Kama mdomo wa mtoto anayeng'oka meno.

Nikakaa nikafikiri kama mtu mzima. Cherehani ni ileile tangu niinunue. Mkono ni uleule. Basi kosa ni la uzi. Lazima Subira ana uzi mwingine, wa siri.

Mpango: kujua uzi wa Subira bila Subira kujua. Nilingoja aende msalani. Nikavuka, nikainama kwenye pipa lake la takataka, nikatafuta kigurudumu cha uzi kilichokwisha. Nilikipata! Nilipoinua kichwa, Subira alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Akauliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia namtafuta paka wangu. Akasema pole, hakujua nina paka. Nikasema ni mgeni.

Baadaye alivuka na sahani ya vichwa vya samaki. Ati vya paka. Nikashukuru. Aliona kitambaa mezani. Aliacha kutabasamu. Akakitazama muda mrefu, kisha akaniuliza hicho si cha Wamucii? Nikasema ndiyo. Akasema, "Haya." Akarudi kwake akisahau sahani yake.

Hiyo "haya" sikuipenda. Ilikuwa nzito.


Jumatano, 6 Agosti

Nilishuka mjini mapema nikanunua uzi kama wa Subira. Aina ileile, rangi ya buluu iliyokolea. Nikaupitisha. Nikakanyaga.

Kiota.

Basi ni kukauka. Chuma kikikauka kinanuna. Mafuta ya cherehani yameisha, nikatumia ya kupikia. Magurudumu yakalainika kweli. Shida ni kwamba duka lote lilinukia mandazi. Watu wawili waliingia kuuliza kama yako tayari. Mmoja alikataa kuondoka.

Nikaja kwenye bobini, kile kigurudumu kidogo kinachobeba uzi wa chini. Hapo ndipo nilipogundua kitu. Zile bobini nilizonunua sokoni, yule mwuzaji aliniapia kuwa zinaingia cherehani yoyote, ni ndefu kidogo kuliko kikasha chake. Kidogo tu! Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nilichukua msasa nikaisugua bobini mpaka ikaingia kwa kusukumwa na dole gumba. Ikasema "kech." Nikajua nimeshinda.

Nikaanza na upande wa kiunoni. Cherehani ikashika kitambaa, ikakivuta chini, ikakitafuna. Nilisikia sauti ya kuraruka nikiwa bado nakanyaga.

Tundu. Upande wa kulia, chini kidogo ya kiuno. Kubwa kama kifuniko cha soda.

Sikupiga kelele. Nilikaa. Nilikuwa bado nimekaa wakati mlango ulipofunguliwa akaingia Mzee Ndungu.

Nikaweka mkono juu ya tundu.

Hakuja kuharakisha kazi, alisema. Nyumbani kumejaa watu wa kamati na maturubai, kila mtu anamuuliza jambo. Alitaka tu kukaa mahali kitambaa kipo. Akavuta kiti, akaketi, fimbo katikati ya magoti. Murugi alikuwa amekuja na chai, akatumiminia. Mimi nilichukua kikombe kwa mkono wa kushoto. Murugi akanitazama. Hajawahi kuniona nikitumia mkono wa kushoto.

Mzee akasema, taratibu, akitazama kitambaa:

"Hii alinunua ile mara ya kwanza alitoka hospitali. Nikamwambia peleka ishonwe. Akasema hapana, nitaivaa siku daktari ataniambia nimepona kabisa."

Akanywa chai.

"Hiyo siku haikukuja."

Mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi. Sikuuondoa.

Akaniomba jambo moja. Nisibane mikono ya nguo. Maisha yake yote mama alichuma kahawa na kukanda unga, na hakupenda nguo inayomfinya mabega. Mikono iwe huru. Nikamwahidi. Alipoondoka aligusa kitambaa kwa kidole, upande ule mwingine. Mungu ni mwema.

Mchana wote nilizunguka Nyeri mjini nikitafuta kitambaa kile. Duka baada ya duka. Wenye maduka walikishika, wakakisifu, wakasema kilikuwa kizuri na kiliisha zamani. Mama mmoja alisema hata kiwanda huenda kilifungwa. Nilirudi kwa miguu. Mvua ya manyunyu. Sikula.


Alhamisi, 7 Agosti

Nimeona mwanga. Subira anajua dawa. Lakini nikimuuliza mimi, Ruring'u yote itajua. Kwa hiyo mtu mwingine ndiye atakayemuuliza, kwa niaba ya mtu mwingine.

Nilimwomba Murugi aende kama anapita tu, aseme ana rafiki kule Kiganjo ambaye cherehani yake inatengeneza viota chini ya kitambaa. Murugi alikataa. Akasema hawezi kusema uongo kwa mwanamke wa dini. Nikasema ni uongo mdogo wa Kiganjo. Akakataa tena. Kisha akakitazama kitambaa, akaona tundu, akashika mdomo. Wamucii ndiye aliyekaa naye hospitali siku ya kuzaliwa mtoto wetu wa kwanza, mimi nikiwa nimekwenda kuuza kware. (Biashara ya kware ni habari nyingine.) Akavaa shali akavuka barabara.

Akarudi na majibu. Subira amesema: huyo rafiki wa Kiganjo ainue kile kiguu kinachokanyaga kitambaa kabla ya kupitisha uzi, la sivyo uzi wa juu haukai mahali pake. Sindano ina upande mmoja bapa, huenda ameiweka kinyume, aigeuze. Alegeze skrubu ya kukaza uzi. Asivute kitambaa kwa mkono, meno ya cherehani yanakisukuma yenyewe. Na bobini iwe ya cherehani hiyohiyo, si ya jirani.

Tena amesema huyo rafiki wa Kiganjo aache kiburi, kwa maana kesho ni Ijumaa.

Murugi akatundika shali. Mimi nilitabasamu. Sikuzaliwa jana! Ni fundi gani anampa mshindani wake dawa ya kweli, tena bure, tena haraka hivyo? Huo ni mtego. Amejua ni mimi, akatoa maneno ya kunimaliza.

Basi nikafanya kinyume chake, hatua kwa hatua. Amesema kiguu kiinuliwe: nikakishusha. Amesema sindano igeuzwe: nikaikaza palepale ilipo. Amesema skrubu ilegezwe: nikaikaza mpaka mwisho. Amesema nisivute: nikavuta. Nilijaribia kwenye kipande cha gunia, maana hata mimi nina akili.

Gurudumu lilizunguka mara moja, likasema "gruu," likakwama. Halisongi mbele. Halirudi nyuma. Sindano imepinda kama ndoana, ncha yake imebaki ndani ya tumbo la chuma.

Murugi aliniuliza nimefanya nini. Nikamwambia nimethibitisha kwamba Subira ni mjanja kuliko nilivyofikiri: alijua nitafanya kinyume.

Murugi akatoka nje akasimama peke yake kwenye manyunyu. Sijui alikuwa anatazama nini. Hakuna kitu huko.


Ijumaa, 8 Agosti

Naandika bega likiniuma, kwa sababu nitakazoeleza.

Niliamka na uamuzi. Nitakunja kitambaa, nitavuka barabara, nitamwambia Subira kwamba nimemwonea huruma na ninampa heshima ya kuisaidia kazi yangu. Niliisema hotuba hiyo mara nyingi mbele ya kioo. Ilisikika vizuri.

Nilipofika mlangoni nikasikia kimya. Hakuna redio. Hakuna mashine ya kinyozi. Stima imepotea Ruring'u yote! Mvua ya usiku ilifanya jambo huko kwenye nguzo. Cherehani ya Subira imelala kama ng'ombe mgonjwa.

Lazima niseme ukweli: nilifurahi. Furaha fupi sana. Halafu nikakumbuka kilichonileta mlangoni.

Nikarudi nikaketi. Vipande vya nguo mezani. Gurudumu limekwama. Simu ikalia: Sophie. Ametoka mochari, yuko na baba yake, watapitia hapa mchana. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye amelia mpaka akachoka. Aliniita "fundi wetu." Nikasema karibuni.

Nilipoinua macho Subira alikuwa ndani ya duka langu. Hakubisha hodi. Mkononi ana mkebe wa bati na bisibisi.

"Kingori. Nguo ya Wamucii iko wapi?"

Nikaonyesha kwa kidevu.

Akavigusa vipande. Akasema nimekata vizuri. Halafu akaliona tundu. Nilingoja anitukane. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaliweka tundu mapajani, akalizungushia kidole. Akaniambia kwamba alikwenda hospitali kumwona Wamucii kabla hajafa. Wamucii alimwambia akija kushona ile ya buluu, asisahau mfuko. Nguo za siku hizi hazina mifuko, ataweka wapi leso yake? Subira alimwahidi. Wiki nzima amekuwa akingoja kuletewa kitambaa, na wiki nzima anakiona kwa dirisha langu.

"Sijui nilimkosea nini Mzee Ndungu," akasema. "Amepita mlango wangu."

Nilitaka kusema. Kweli nilitaka. Nikakohoa.

Akaamka, akaifungua cherehani yangu kama mtu anayefungua kinywa cha mtoto. Akatoa kile kibati cha chini. Ndani: ncha ya sindano, ncha ya sindano nyingine, vumbi la nyuzi limeganda kama sufu ya kondoo, limelowa mafuta ya mandazi. Akanusa. Akasafisha kwa brashi. Akachomoa bobini yangu ya msasa, akaiinua kwenye mwanga, akanitazama mimi, akaitazama bobini, akaiweka mfukoni mwake. Labda awaogopeshe nayo watoto. Kutoka kwenye mkebe akatoa bobini za cherehani ya mamake, ya miguu kama yangu. Moja ikaingia bila kusukumwa. Kisha akatoa sindano mpya, akanionyesha upande bapa, akaiweka kinyume na nilivyokuwa nimeiweka siku zote hizi.

Kwa hiyo hakuwa amenidanganya. Hilo lilinishangaza zaidi ya yote.

Akaketi akakanyaga. Uzi ukakatika. Akakanyaga tena. Gurudumu likarudi nyuma, uzi ukakatika. Subira alisema neno ambalo sikudhani analijua. Miaka mingi ya stima imemsahaulisha miguu! Mimi nikakaa, nikakanyaga vizuri kabisa, lakini mikono yangu ilitetemeka hata nisiweze kuongoza kitambaa. Tukatazamana.

Kiti hakienei watu wawili, basi mwishowe tulifanya hivi: mkanda wa kanyagio tukautoa, Subira akaongoza kitambaa kwa mikono miwili, mimi nikasimama pembeni nikizungusha gurudumu kwa mkono. Polepole, alisema. Haraka kidogo. Simama. Rudisha. Nilikuwa stima yake. Mshono ukatoka umenyooka. Nikaomba tugeuze kitambaa. Chini, mshono mwingine uleule. Hakuna kiota. Nilitaka kulia na nikasema ni vumbi.

Alishona mfuko juu ya tundu. Alipomaliza hungejua kuna kitu. Nikamkumbusha mikono iwe huru. Akasema, "Najua. Alinilalamikia miaka yote," na akaachia nafasi zaidi kwapani.

Tulikuwa kwenye pindo la chini Mzee Ndungu na Sophie walipoingia. Mzee alisimama. Akamtazama Subira, akanitazama, akavua kofia.

"Subira. Niliambiwa huna nafasi. Ati uko na harusi."

Mkono wangu ulisimama kwenye gurudumu. Mvua ilikuwa imeacha. Nilisikia kuku wa jirani.

Subira hakugeuka haraka. Alikata uzi kwa meno kwanza. Alinitazama, si kwa muda mrefu, lakini nisingependa kutazamwa hivyo mara ya pili. Halafu akamwambia mzee:

"Nimepata nafasi, baba."

Basi. Sophie alichukua nguo, akaipandisha mbele yake ikiwa inaning'inia, akaingiza mkono mfukoni. Akauliza mfuko ni wa nini. Subira akasema mama aliutaka. Sophie akatoa leso yake mwenyewe, iliyolowa, akataka kuiweka. Kisha akaona haifai, akaichukua ya baba yake, safi, akaikunja, akaitia mle ndani.

Sisi wengine watatu tuliangalia sakafu. Bega langu la kulia linauma mpaka sasa.


Jumamosi, 9 Agosti

Tumemzika Mama Wamucii. Mlima ulijitokeza asubuhi, wote, na theluji yake, kisha ukajifunika tena kabla ya ibada.

Watu wengi. Nilipanga foleni na Murugi tukapita mbele ya jeneza. Alikuwa amelala ameivaa. Buluu ilimpendeza. Mabega hayakubanwa. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kusema kwa wepesi endapo mtu angesifu mshono. Maneno yaliniacha. Niliona tu mikono yake, ile ya kuchumia kahawa, imewekwa mmoja juu ya mwingine, na mfuko karibu yake.

Nililia. Murugi alinishika kiwiko.

Wanawake wa kanisa waliulizana nguo imeshonwa wapi. Mzee Ndungu aliwajibu mwenyewe: Kingori na Subira. Niligundua ametaja jina langu kwanza. Niligundua pia kwamba haikunipa raha niliyotarajia. Ilinipa raha nyingine, ndogo, yenye mwiba.

Subira alikaa nyuma kabisa, ushungi mweusi, akisaidia kuosha vikombe.

Baada ya udongo kujaa nilijipanga kumpa mzee mkono wa pole. Niliamua hapohapo kumwambia. Kwamba Subira hakuwa na harusi. Kwamba niliona kifurushi nikataka. Nilirudia maneno kichwani, foleni ikisogea. Nilifika. Akanishika kwa mikono yake miwili, ileile aliyonipa kifurushi nayo.

"Mikono iko huru," akasema. "Nimeona. Mungu akubariki, kijana yangu."

Nikasema amina.

Watu walikuwa wengi nyuma yangu. Nikasogea.


Alhamisi, 14 Agosti

Jua! Na sifa zinatembea. Nimepigiwa simu kutoka Wang'uru. Wang'uru, kule kwa mchele! Mama mmoja kwa jina Ngendo ana ghala, na mashine yake ya kushona midomo ya magunia imegoma. Jamaa yake alikuwa mazishini, akasikia kwamba kuna fundi wa Ruring'u aliyefufua cherehani iliyokufa kabisa siku moja kabla ya mazishi. Aliuliza kama ni mimi. Nikafikiri kidogo. Cherehani ni ya nani? Duka ni la nani? Gurudumu lilizungushwa na nani? Nikasema ni mimi.

Akauliza kama nazijua mashine za magunia. Nikamwambia ndizo nilizoanza nazo.

Imeletwa asubuhi. Sijawahi kuona kitu kama hiki. Haina meza. Haina kanyagio. Ina mpini kama birika. Inashikwa mkononi! Nimeifungua yote nikapanga vipande kwenye gazeti, kisha upepo ukapeperusha gazeti. Vingi nimevipata.

Ngendo alipiga simu akasema magunia yamejaa mpaka mlangoni, midomo wazi, na panya wamepata habari. Nikamwambia asubiri kipimo.

Mchana Subira alivuka kuchukua sahani yake. Alisimama akatazama. Akaniambia, kwa upole sana, kwamba mashine za magunia hushona kwa uzi mmoja tu. Hazina bobini. Hazijawahi kuwa na bobini. Akasema ana binamu Mwea anayezijua, nikitaka atampigia.

Nikamshukuru. Nikamwambia si lazima, niko karibu kumaliza. Alipoondoka nilifunga mlango kwa ndani, nikakaa nikayapima maneno yake. Uzi mmoja! Ni mtu gani amewahi kusikia cherehani isiyo na bobini? Nikapekua tena kila kipande, mbele na nyuma, mpaka nikawa na hakika. Kweli bobini haimo.

Nikampigia Ngendo. Kwa sauti ya daktari nikamwambia ugonjwa umejulikana: mashine yake imeibiwa bobini, na amwangalie vizuri mlinzi wa ghala. Aliniambia nirudie. Alishangaa sana.

Hata mimi nimeshangaa, jinsi nilivyoujua haraka.